Karatasi Aliyoijibu Mkwe

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, nikatolewa shule nikalee watoto wa dada, baadaye nikaolewa, nikalima kahawa kwenye udongo mwekundu wa Mbozi mpaka kucha zangu zikachukua rangi yake. Kwa kahawa hiyo nimesomesha watoto na wajukuu, na mjukuu wangu mkubwa leo ni mwalimu wa sekondari. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani namsema nesi kwa wivu wa shule. Shule naiheshimu. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kusoma mpaka akavaa sare nyeupe na kushika kalamu, na bado akamuuliza mwanamke mzima kama anatamani kufa, mkalimani akiwa mkwe wake wa kiume.

Nilikuwepo. Nililala kitanda cha pili.

Hospitali siitaji jina. Ilikuwa kubwa, watu wanaletwa kutoka Itumba, Mkwajuni, Tunduma, kila mtu na uvimbe wake. Mimi nilikuwa nimekatwa titi la kushoto, na kila baada ya majuma kadhaa nilirudi kulazwa nikawekewa dawa ile nyekundu, ambayo inaingia kwa dripu kama togwa na inatoka kwa kutapika.

Kitanda cha kwanza, cha dirishani, alilala mwanamke wa rika langu kutoka Ivuna. Maisha yake yote alikuwa anachemsha chumvi. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa maji ya chumvi na moto, vigumu kama soli ya kiatu. Ugonjwa wake ulikuwa wa mlango wa kizazi. Kiswahili alikijua cha sokoni: bei gani, pima, ongeza kidogo, karibu tena. Cha moyoni hakuwa nacho. Mimi ni Mnyiha kwa baba, lakini mama yangu alikuwa Mnamwanga kama yeye, kwa hiyo tulizungumza lugha ya mama yangu, na siku ya kwanza tu tukawa kama tuliochota maji pamoja tangu utotoni. Alinitania kwamba sisi Wanyiha tunapenda kahawa kwa sababu hatuna chumvi ya kuongea. Nikamwambia chumvi yenu tunawapa ng'ombe.

Aliyekuwa akimuuguza ni mkwe wake, mume wa binti yake. Binti alikuwa amejifungua kwa upasuaji, yuko Tunduma na kichanga, hawezi kusafiri. Mtoto mwingine hakuwepo. Kwa hiyo huyo mkwe, ambaye kazi yake ni kushughulikia karatasi za mizigo ya malori mpakani, aliacha malori yake akaja kukaa mjini kwa rafiki yake, na kila saa ya kuona wagonjwa alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, viatu vinang'aa, chupa ya uji mkono mmoja na supu ya kuku mkono wa pili.

"Mama, jitahidini kidogo."

Na mama anajifunika kanga kichwani, anageukia dirisha.

Asiyetujua ataona ni kiburi. Ngoja nieleze. Kwetu, na kwao vilevile, mama mkwe na mkwe wa kiume hawaingiliani. Ukimwona anakuja njiani unachepuka upande wa mashamba. Humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake. Una neno la kumwambia, unamtuma mtu. Kama hakuna wa kumtuma, unauambia ukuta naye anasikia. Najua vijana wa siku hizi huko Tunduma wanakaa na mama wakwe kwenye kochi moja wanaangalia tamthilia. Waendelee, mimi siwazuii. Lakini yule mwenzangu hakulelewa kwenye kochi. Kwake mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, na umbali ndiyo heshima yenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo, siku ya pili ya dawa, matapishi yalimjia ghafla. Manesi walikuwa wawili kwa wodi nzima, mmoja yuko chumba cha sindano, mwingine anabishana na mtu wa maabara. Mkwe akaruka, akachukua beseni, akamshika paji la uso kwa kiganja chake, akamshikia mpaka akamaliza. Kisha akaenda kumwaga, akaosha beseni kwa mikono yake, akarudi akapangusa sakafu. Wodi nzima tulimsifu. Na mimi nilimsifu, kwa sauti: "Huyo ndiye mkwe! Wengine wametuolea watoto na hawajui hata majina yetu!" Kijana aliinama chini. Mama wa watu alikuwa amejifunika gubigubi, nikadhani amelala.

Baada ya siku tatu ndipo ikaja karatasi.

Nesi aliyeileta alikuwa binti mzuri, sitamnyima haki yake. Alitoka mikoa ya mbali, Kiswahili chake laini, anamwita kila mtu bibi au mama. Alikuwa ameagizwa kuwauliza wagonjwa wote wa saratani maswali ya moyoni, kujua nani ana wasiwasi uliopita kiasi na nani ana ile huzuni kubwa wanayoiita sonona, ili wasaidiwe. Jambo jema kabisa. Mtu akikatwa titi, si titi peke yake linalokatwa. Lakini kwa kuwa wengi wetu ni wazee, na wengine Kiswahili hakijakaa, akaona afadhali aje saa ya kuona wagonjwa, ndugu wakiwepo wamsaidie. Hapo ndipo alipojikwaa, na hakuna mkubwa wake hata mmoja aliyemwambia angalia jiwe.

Alianza na mimi. Mjukuu wangu mwalimu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo bibi. Nina maswali machache, siyo mtihani."

"Marahaba. Uliza, mtihani nilishafeli zamani."

"Nipe mimi nimsomee, dada," mjukuu wangu akasema, akachukua karatasi na kalamu. "Haya bibi. Majuma haya mawili, ni siku ngapi umekosa raha ya kufanya mambo unayoyapenda?"

"Ninayopenda ni kupalilia kahawa. Mmenifunga mpira mkononi halafu mnaniuliza kama napalilia kwa raha?"

Watu wakacheka.

"Usingizi je?"

"Yule wa kitanda cha nne anakoroma kama lori linapanda mlima na mzigo wa shaba. Muulizeni yeye kama mimi nalala."

"Nimekusikia, wewe bibi!" wa kitanda cha nne akajibu.

"Hamu ya kula?"

"Kwa dawa hii? Hata fisi angesusa mfupa."

Wodi ilikuwa imechangamka kama sherehe ya kipaimara. Nami, nikisema kweli, nilikuwa naona raha kusikilizwa. Kisha mjukuu wangu akafika kwenye swali la kama najiona sina thamani, kama nimewaangusha watu wangu. Hakulisoma lote. Alicheka.

"Bibi yangu mimi? Huyu ni chuma. Naweka hakuna."

Akanitazama. Mtu akikutazama kwa macho yale, macho ya mtoto uliyembeba mgongoni ukichuma kahawa, utafanya nini? Nikasema, "Weka hakuna." Na yote yaliyofuata akaweka hakuna.

Nesi akashukuru, akasogea dirishani.

"Mama huyu Kiswahili anakisikia?"

"Kidogo sana," mkwe akasema.

"Basi utanisaidia kutafsiri. Wewe ni mwanawe?"

"Ni mkwe wake."

"Ah, basi ni mwanawe tu."

Nilisema, "Sista, ngoja kwanza." Lakini nililisema kwa sauti ya mtu anayetaka asisikike. Maana nilikuwa na hamu ya kuona kijana atatokaje hapo.

Alitoka hivi. Alisimama akatazama feni ya darini, si mama mkwe wake. Nesi akasoma: je, amekuwa na huzuni, amekata tamaa? Kijana akaiambia feni kwa Kinamwanga, "Mama, wanauliza kama mmeamka salama."

Mama akaujibu ukuta, "Tumeamka salama."

"Hapana, hana huzuni," kijana akamwambia nesi.

Je, anajiona ni mzigo kwa familia?

"Mama, wanauliza kama mjukuu wenu anaendelea vizuri."

"Mungu ni mwema, ananyonya."

"Hapana. Hajioni mzigo."

Jasho lilikuwa linamtoka kwenye masikio. Nesi anaweka vema, vema, vema. Akafika la mwisho: amewahi kufikiri kwamba afadhali angekufa? Kijana alitazama mlangoni, kisha feni tena. Kwetu, kumtamkia mama mkwe neno kufa ni sawa na kumchimbia kaburi naye anaangalia. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, wanawaombea mpone haraka."

"Wabarikiwe," mama akasema.

"Anasema hapana."

Nesi akajumlisha, akafunga faili. Nami, mtu mzima na mvi zangu, niliyesikia kila neno la lugha zote mbili, nilijisemea: kijana huyu amelelewa. Ndivyo nilivyosema. Sikuona ubaya wowote. Niliona adabu.

Wageni walipotoka, jioni ya mapema jua bado liko dirishani, mwenzangu akanisogezea bakuli la uji wa ulezi kama alivyofanya siku mbili zilizopita. Uji mzuri, una karanga. Dawa yangu ilikuwa imeanza kuniachia, na nilikuwa nimeuzoea uji ule. Nikapokea, nikapiga vijiko vitatu vinne, ndipo nikasema, "Kula na wewe basi. Mkwe ameshaondoka, hakuna anayekuona."

"Sili."

"Kichefuchefu?"

"Sina kichefuchefu. Sili tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akajifunua uso, na nikaona kwamba mashavu yake yalikuwa yameingia ndani tangu tulipoonana.

"Yule kijana amenishikia beseni," akasema. "Ameosha matapishi yangu kwa mikono aliyompokelea binti yangu. Na ugonjwa huu daktari amemwambia yeye. Amemwambia jina lake na mahali ulipokaa. Mimi ni mtu gani sasa? Nikienda kwao nitaingilia mlango upi? Binti yangu anazaa na mtu aliyeniona ndani."

"Yalikuwa matapishi tu, mwenzangu."

"Wewe mkwe wako amekushikia?"

Mkwe wangu mimi hata kikombe hajawahi kunishikia.

"Nimeomba ruhusa," akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga siku ya kwenda mnadani. "Nikifika Ivuna nitajilaza kwangu, nitafunga mlango. Sili, sinywi. Nitaisha bila kelele. Huku nimeshaanza."

Bakuli lilikuwa bado mikononi mwangu. Siku tatu nzima nilikuwa namsaidia mwenzangu kufa, kijiko kwa kijiko, na kusifia karanga.

Nilimsihi. Nilimtisha kwa Mungu, na aibu nayo nikaitaja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema umemaliza, nikasema nimemaliza, akajifunika. Asubuhi alikuwa amefunga kanga zake kwenye mfuko, amekaa kitandani, anasubiri madaktari.

Raundi ilifika. Daktari mkubwa, wanafunzi wake sita na madaftari, na nesi yule yule na mafaili.

"Huyu mama anaomba ruhusa," daktari akasema. "Anakataa kuendelea na dawa. Ndugu wanasemaje?"

"Mkwe wake amesema wanaheshimu uamuzi wa mama," nesi akajibu.

Bila shaka anaheshimu! Angembishia mama mkwe wake kwa mdomo upi?

"Na hali yake ya akili? Aliulizwa?"

"Aliulizwa jana, daktari. Sifuri. Hana sonona, hana wasiwasi."

"Basi ana akili timamu na ameamua mwenyewe. Aweke dole gumba, tumwandikie dawa za maumivu."

Mtu anaisha kwa adabu hivyo. Mkwe ana adabu, mama ana adabu, nesi ana adabu, daktari anafuata karatasi, karatasi imejaa, na mwanamke anatolewa mlango wa mbele akafe. Hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata hata siku shemeji zangu walipotaka kuning'oa shambani mume wangu alipofariki.

"Sifuri ya nani?" nikauliza.

"Bibi, tunakuja kwako sasa hivi," daktari akasema.

"Msije kwangu, kaeni hapo hapo. Hiyo karatasi hakujibu yeye. Kajibu mkwe."

"Ndugu anaruhusiwa kumsaidia mgonjwa."

"Ndugu! Wewe daktari, umeoa?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Nimeoa, bibi."

"Una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Umeshawahi kumwendea ukamuuliza: mama, unatamani kufa?"

Mwanafunzi mmoja wa kike akajishika mdomo. Nikawaeleza yote, feni na mjukuu anayenyonya na kuombewa apone. Nesi wa watu alianza kubadilika rangi. Kisha akajitetea, na kila neno lake lilikuwa la haki.

"Lakini bibi, ulikuwepo na ulisikia. Hukusema kitu. Na wewe mjukuu wako ndiye aliyekusaidia, karatasi yako nayo ni sifuri. Kama ya kwako ni kweli, ya huyu itakuwaje ya uongo?"

Wote wakanigeukia. Hata mwenzangu, asiyejua kinachosemwa, alinitazama. Niliona mlango ni mmoja tu na nikauchukia. Ningeweza kubaki chuma, na yule angeweka dole gumba.

"Ya kwangu ni ya uongo," nikasema.

"Bibi?"

"Ni ya uongo. Andikeni nyie wenye madaftari. Tangu nikatwe sijakitazama kifua changu. Naoga nimefumba macho kama mtoto anayeogopa sabuni. Kila alfajiri nauma kanga ili huyu wa kitanda cha nne asinisikie. Wanakuja akina mama wa kwaya wananiambia nisilie, nikilia nimekosa imani, basi nawaimbia mpaka waondoke. Nimeomba msimu wa kuchuma uanze bila mimi, nisisimame katikati ya wanawake wenzangu na upande mmoja mtupu. Na mara mbili nimemwomba Mungu nisiamke. Mjukuu wangu akasema mimi ni chuma, mimi nikakubali, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo."

Mbele ya vijana sita wa umri wa wajukuu zangu. Mimi ambaye hata kwenye mazishi ya mume wangu sikudondosha chozi watu wakaliona. Uso ulikuwa unaniwaka kama niliyechapwa makofi.

Daktari alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena. Akamwambia nesi, "Rudia. Zote mbili. Ruhusa isubiri."

"Nani atatafsiri, daktari?"

"Nani mwingine?" nikasema, na nikaanza kutafuta ndala zangu.

Chumba cha kuzungumzia hakikuwepo. Hospitali nzima ile, yenye mageti na walinzi na mabango ya kunawa mikono, hakuna mahali mwanamke anaweza kufunga mlango akasema neno. Tuliingia stoo ya mashuka, tukakalia marobota, nesi, mwenzangu na mimi na dripu yangu. Nesi akafunga mlango, akaanza kusoma polepole, nami nikatafsiri kila swali kama lilivyo. Mwenzangu alinipa mgongo, jambo ambalo ni sawa, maneno mengine hutoka vizuri yakielekea ukutani. Huzuni? Ndiyo. Siku ngapi? Zote. Mzigo? Hapo alizungumza kwa muda mrefu sana, na nesi akaacha kuweka vema akawa anasikiliza tu, akinisubiri.

La mwisho lilinipa shida hata mimi. Nikalizungusha kama wazee wanavyolizungusha: kama amechoshwa na kuliona jua.

Aligeuka akanitazama. "Jibu unalijua."

"Ninalijua. Lakini anayeandika siyo mimi."

"Usimwambie huyu mtoto."

Nesi akauliza, "Anasemaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kutunza siri ya mwenzangu. Yeye aliniamini kwa lugha ya mama yangu. Nikamwambia nesi, "Anasema nisikuambie. Maana yake ni ndiyo, kila siku, na ameshaanza kwa kuacha kula." Mwenzangu Kiswahili cha moyoni hakuwa nacho, lakini neno kula analijua. Alielewa mara moja.

"Mwanamke wa Kinyiha," akasema, "mdomo wako kama mlango wa kanisa. Kila mtu anaingia."

"Nitukane. Unitukane ukiwa hai."

Nesi alikuwa ameweka kalamu chini, analia bila sauti. "Mimi sikujua, bibi. Kwetu mkwe ni mtoto wa nyumbani."

"Sasa umejua. Na waambie waliokutuma."

Ruhusa haikutolewa. Alikuja mama mmoja mtaalamu wa ushauri, na yeye akaomba stoo ya mashuka. Mkwe alipofika na chupa zake, nilimwomba nesi aniachie nizungumze naye nje, barazani.

"Mwanangu, umefanya kazi ya watu watatu. Sasa rudi Tunduma, mtafute dada wa mama, au shangazi, mwanamke yeyote wa kwao aje."

Akasimama na uji wake. "Bibi, nilimkosea wapi?"

"Hukumkosea. Ulimtendea wema mahali ambapo wewe hukutakiwa kuwepo."

"Ningeacha atapike sakafuni?"

Ninachojua ni kwamba swali lile halikuwa lake kulijibu wala langu. Ni la waliopanga manesi wawili kwa wodi nzima, kisha wakapeleka karatasi ipite ihakikishe kama watu wana huzuni.

Dada yake alifika baada ya siku mbili, mwanamke mfupi, mkali, na viganja vilevile vya chumvi. Hakusalimia hata. Alikaa kitandani akamtukana ndugu yake matusi ya utotoni ambayo siwezi kuyaandika, kisha akamshika kidevu akamtia kijiko mdomoni. Akameza. Kijiko cha pili alikitema. Cha tatu akameza. Kesho yake alimaliza nusu bakuli, na mtaalamu alikuja tena, na dawa ya saratani ikaendelea. Aliondoka pale kwa miguu yake, mwisho wa mzunguko ule, akirudi Ivuna na dada yake, na tarehe ya kurudi hospitali ameandikiwa. Mimi hakuniaga. Tangu stoo hakunisemesha neno. Nilimuumiza, najua, na ningemuumiza tena.

Mjukuu wangu alikuja Jumamosi. Alikuwa ameshaambiwa, wodi haina siri, wa kitanda cha nne alimpokea mlangoni. Alisimama mbele yangu mikono imelegea.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika wapi? Ulishaweka hakuna."

Nililisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Akalia. Nikamwacha alie, nikamshika mkono, ila sikumwambia anyamaze, maana neno hilo tumeambiana mno kwenye familia yetu.

Nesi akatokea na karatasi yangu mpya. Ilikuwa tena saa ya wageni, lakini safari hii hakuanza kusoma mbele yao. Aliniuliza kwanza kama niko tayari, nami nikasema tumalize. Tukaenda stoo. Mjukuu wangu akafuata nyuma, na tulipokaa, kwa mazoea tu ya kazi yake, akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Toka nje," nikamwambia.

"Bibi, mimi nakusaidia tu."

"Najua. Toka, kaa kwenye benchi. Hii huwezi kunisaidia."

Akatoka. Mlango ukafungwa. Nesi akasoma swali la kwanza, lile la raha, nami nikaona midomo yake imekaa tayari kucheka, akingoja mzaha wa kahawa. Sikuwa nao. Nikaanza kujibu, nikajibu, nikamwona anaweka vema moja dogo kwenye kisanduku na kutaka kuendelea na la pili.

"Umeandika nini hapo?"

"Karibu kila siku, bibi. Nafasi yenyewe ndiyo hii tu."

"Basi geuza upande wa nyuma," nikamwambia, "uandike ninavyosema."